Nyungwe, Rwanda: usidai hela yako irudi kwa sababu ya ukungu

Nimesoma maoni ya watu wengi kuhusu Nyungwe na wanaoipa nyota mbili au tatu wote kilio chao ni kimoja, tulienda kwenye daraja la juu ya miti hatukuona kitu, ukungu mtupu, hela imeenda hivihivi. Sasa jamani, huo ni msitu wa mawingu, uko kwenye mgongo wa milima kuanzia kama mita 1,600 mpaka 2,950 pale kilele cha Bigugu, mvua yake kwa mwaka inacheza kwenye milimita 2,000, ulitegemea jua la ufukweni Kendwa, Zanzibar? Mimi nilienda na binamu yangu mwishomwisho wa mvua, tukakuta ukungu asubuhi, ukungu mchana, jioni ukafunguka kidogo ukafunga tena, na bado naipa nyota nne na nusu. Hiyo nusu iliyobaki nitasema imeenda wapi.

Kwa wasioijua, Nyungwe iko kusini magharibi mwa Rwanda, ukivuka mpaka wa Burundi msitu unaendelea tu ila huko unaitwa Kibira. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,019, na mwaka 2023 UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu 2020 unaendeshwa na shirika la uhifadhi la African Parks kwa kushirikiana na serikali ya Rwanda, na kusema ukweli mpangilio unaonekana, kuna vibao, njia zimesafishwa, choo kisafi na kina maji, yaani sisi watu wa Tanga tunaoujua msitu wa Amani na Magamba tuliangaliana tu tukanyamaza. Msitu tunao, tena mzuri sana, ila hizo huduma sasa...

Usafiri. Kutoka Kigali unaweza kukodi gari au ukapanda basi la kwenda Rusizi pale stendi ya Nyabugogo, linapita Huye halafu Kitabi kisha linaingia msituni moja kwa moja maana barabara kuu ya lami imepita katikati ya hifadhi. Mwambie kondakta akushushe Uwinka, ndipo yalipo mapokezi ya hifadhi. Sisi tulikodi gari kwa sababu ya mizigo na kwa sababu binamu yangu kona zinamtapisha, na huko kona ni kona kweli, hakuna sehemu ya kunyoosha mguu. Halafu wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukikaa mbele dakika za mwanzo unakanyaga breki isiyokuwepo. Utakutana na wanajeshi wamesimama pembeni ya barabara ndani ya msitu, usishtuke, wala usiwapige picha.

Jambo dogo ila linawatesa watu, saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukiambiwa matembezi yanaanza saa tatu asubuhi ni saa tatu yao. Kuna familia ya Wakenya tuliikuta pale mapokezi imeshakaa karibu saa nzima inalaumu uongozi kwamba wanachelewa, kumbe saa zao za mkononi bado ziko Nairobi.

Mapokezi ya Uwinka ni mazuri. Wamechangamka, wanaangalia pasipoti, na hapo muwe makini, raia wa Afrika Mashariki tuna bei yetu ambayo ni nafuu kuliko ya wageni wa mbali, kwa hiyo pasipoti iwe mkononi isiwe imebaki kwenye begi hotelini. Kiswahili ni lugha rasmi kule toka 2017 lakini hiyo isikudanganye kwamba kila mtu anakiongea, wengi ni Kinyarwanda kwanza halafu Kiingereza au Kifaransa. Niliomba muongozaji anayejua Kiswahili wakanitafutia, ikabidi tusubiri kidogo amalize kundi lingine, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza wa maana, ombeni mapema, siku moja kabla ikiwezekana, maana yule kijana ndiye aliyeifanya safari nzima iwe vile ilivyokuwa. Kiswahili chake ni kile cha upande wa Kongo, "iko", "hii njia iko na matope mingi leo", ila unamwelewa neno kwa neno.

Sasa hilo daraja. Lilifunguliwa 2010, lina urefu wa kama mita 160 limegawanyika vipande vitatu, na pale bonde lilipozama zaidi uko kama mita 70 kutoka chini. Ili ulifikie unashuka kwanza njia ya msituni, haikuchukui muda mrefu, ila kumbuka ulichoshuka utakipanda. Wanaingiza watu wachache wachache, wanaachana nafasi, na ukikaa katikati linayumba, si kidogo. Binamu yangu alifika hatua ya tatu akagoma. Kashika zile kamba za pembeni mikono yote miwili, macho kafumba. Yule muongozaji hakumcheka wala hakumvuta, alirudi nyuma akasimama mbele yake akamwambia "Dada, usiogope, iko nguvu hii, sisi tunapita hapa kila siku. Usiangalie chini, angalia mgongo yangu." Akageuka akaanza kutembea taratibu sana, na dada wa watu akafuata huku anasoma dua. Hapo chini ulikuwa ukungu tu, mweupe, husemi hapa ni mita 70 au mita 7, na mimi nadhani ndicho kilichomvusha, siku ya jua asingevuka yule.

Kwa hiyo darajani tuliona nini? Vilele vya miti vinatokea kwenye weupe halafu vinapotea. Kilele kimoja kilikuwa karibu kabisa na daraja, tawi limejaa vitu vimeota juu yake, nyoya za kijani, yaani ile mimea midogo laini kama zulia, vikangaga, okidi zenye maua madogo kama kucha ya mtoto, na mashungi ya kijivu yananing'inia yanachuruzika matone. Tone linajikusanya kwenye ncha, linanenepa, linadondoka, na huku hakuna mvua inayonyesha. Upepo wenye unyevu unapanda mlima, ukifika juu unapoa unakuwa wingu, na wingu likipita kwenye miti majani na zile nyoya zinalikamua maji. Ukiwa na mandhari safi ya kilomita hamsini mbele yako huwezi kuliona hilo tone, utakuwa unapiga selfi. Ndio maana nasema wanaolalamika ukungu wanalalamikia kitu chenyewe walichokilipia.

Ila kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, ruka daraja. Najua nimewaudhi watu. Daraja lenyewe ukilivuka ni dakika chache sana, mnapita, mnapiga picha, mmemaliza, mengine ni kutembea kwenda na kurudi. Hela ile ile au inayokaribiana weka kwenye njia ndefu, na mimi nawashauri ya maporomoko ya Isumo upande wa Gisakura.

Hii ndiyo iliyonimaliza. Mnaanzia kwenye mashamba ya chai, yale ya kijani iliyonyooka mpaka macho yanauma, wachumaji na vikapu vyao mgongoni wanawasalimia, halafu ghafla chai inakata na ukuta wa msitu unaanza, hakuna mpito, ni kama mlango. Kwenda na kurudi ni kama kilomita kumi kutegemea mnaanzia wapi, masaa manne hivi, sisi tulikula zaidi kwa sababu ya kusimamasimama. Ni mteremko wa matope, mizizi, mawe yenye utelezi, na kila mtu anapewa fimbo, chukua hata kama unajiona kijana.

Kabla ya kuingia muongozaji alituambia tuchomeke suruali ndani ya soksi. Binamu yangu akaona ushamba, akabaki na suruali yake pana ya fasheni. Baada ya muda nikasikia ukelele nyuma, siafu. Msafara wao ulikuwa unakatiza njia, mweusi, upana wa kiganja, na yeye kasimama juu yake anapiga picha ua. Walipofika pajani ndio wakaanza kuuma kwa pamoja, mnajua siafu tabia yao. Ilibidi mimi na mama mmoja wa Kiganda tumzungushie kanga avue suruali pale pale njiani, muongozaji kageukia upande wa pili anachunguza mti kwa makini kuliko mti wowote siku ile. Basi chomekeni.

Yule kijana anaujua msitu. Sio wale wa kukariri, huu ni mti, huu ni mti mkubwa, twende. Alichomoa kipande cha ile nyoya ya kijani kwenye gogo lililokufa akakikamua, maji yakatiririka mpaka kiwiko, akakirudisha palepale akakibonyeza kikae. Akasema asubuhi yote maji hayo hayakuanguka kutoka juu, yamekamatwa. Tukasimama kwenye kijito chembamba unachoweza kukivuka kwa hatua moja, akaanza kutueleza kwamba msitu huu umekaa juu ya mgongo unaogawa maji, ya upande mmoja yanaenda Nile ya upande mwingine yanaenda Kongo. Mimi nikamuuliza yanapita wapi. Ya mashariki yanashuka yanaingia Nyabarongo, kisha Kagera, ndio hayo yanaingia Ziwa Victoria kule kwetu. Ya magharibi yanaingia mto Rusizi mpaka Ziwa Tanganyika kabla ya kwenda Kongo. Yaani wingu moja likikamatwa upande huu wa mti litafika Bukoba na upande ule litafika Kigoma. Nilikaa pale nikakiangalia kile kijito mpaka nikaambiwa twende.

Wanyama msitarajie Serengeti. Kuna aina 13 za jamii ya nyani na sokwe wamo, lakini sokwe ni tiketi yake tofauti na asubuhi yake tofauti ya saa kumi na moja alfajiri, sisi hatukulipia. Tuliwaona mbega, wale weusi wenye mabega meupe, Nyungwe ina makundi yao makubwa ya mamia, ila sisi tulibahatika na kipande tu cha kundi, wanaruka mmoja mmoja kwenye pengo la ukungu, unaona mkia unatokea, unapotea, matawi yanatikisika, wa pili. Tuliwasikia ndege aina ya turako wakipiga kelele juu hatukuwaona. Muongozaji alikuwa anamjibu ndege mmoja kwa mluzi na ndege anamjibu, sijui ni kweli walikuwa wanaelewana au anatufurahisha, vyovyote vile nilifurahi.

Na tembo hakuna tena. Wa mwisho aliuawa 1999, nyati walishaisha kabla yake miaka ya sabini. Alituonyesha mitambaazi iliyofunika miti michanga mpaka juu, akasema tembo walikuwa wanaila na kuivunja, sasa hakuna wa kuipunguza. Alivyolisema kwa sauti ya kawaida tu huku anatembea ndio lilinishika.

Maporomoko yenyewe ni mazuri, maji mengi, yanarusha mvuke unakulowesha ukiwa mbali. Unasimama, unapiga picha, lenzi imejaa maji, unafuta, imejaa tena. Njia ya kwenda ni tamu kuliko mwisho wake, hilo niliwahi kuliona hata Usambara.

Sasa makero.

Wakala aliyetupangia gari na malazi kutoka Kigali, jina silitaji, alituuzia "kila kitu kimo". Tulipofika tukaambiwa chakula cha mchana hakimo, maji ya kunywa hayamo, na dereva hana posho ya kulala kwa hiyo tumchangie. Dereva mwenyewe kijana wa watu hana kosa, alikuwa anaona aibu kuliko sisi. Ushauri wangu fanyeni wenyewe, vibali vya matembezi unalipia hifadhini au mtandaoni, gari unakodi mwenyewe, wakala hapo kazi yake siioni labda kama mko kundi kubwa au mna wazee.

Malazi tulikaa sehemu ya bei ya kati karibu na msitu, nayo siitaji. Mandhari haina mpinzani, ukifungua dirisha wingu linaingia chumbani bila hodi. Ila hiyo ndiyo shida, wingu limeingia kwenye mablanketi pia. Kila kitu kina unyevu, shuka, taulo, hata kiberiti hakiwaki. Maji ya moto yalikuja siku ya kwanza nusu ndoo, siku ya pili tukapewa maelezo. Kwa bei ile walau wangeweka moto sebuleni wageni wakaushe nguo, tulivaa soksi mbichi asubuhi yake na hakuna kitu kinachomkasirisha mtu kama soksi mbichi saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo ilipokwenda ile nusu nyota, na ningekuwa napima malazi peke yake ningewapa mbili.

Chakula kiliokoa jahazi. Pale pale kwenye malazi hapana, nasemea mgahawa wa kawaida tu wa barabarani, kabenzi, yaani nyama ya nguruwe kwa wanaokula, sisi tulichukua mishikaki ya mbuzi wao wanaita brosheti, ndizi za kuchoma, isombe ambayo ni kisamvu kabisa, na chai ya maziwa yenye tangawizi ya kukwaruza koo. Chai hiyo baada ya masaa yote ya ukungu, aisee. Pilipili yao inauzwa kwenye kichupa kidogo cha kudondoshea, dondosha moja kwanza. Binamu yangu alidondosha kama anavyofanya na ya kwetu, ikawa siku yake kamili.

Mambo ya kubeba. Koti la mvua la kweli, poncho nyepesi haifai njia ya maporomoko maana miiba inaichana. Buti zenye meno, raba za kukimbilia zitakuangusha, niliona mzungu kavaa sandali za kamba na muongozaji akambadilishia gambuti kwa upole. Sweta, joto pale juu ni nyuzi kumi na tano hivi na ukilowa inakuwa habari nyingine. Soksi jozi nyingi kuliko unavyofikiri. Nguo za kubadili zifungwe kwenye mfuko usioingiza maji lakini sio mfuko wa plastiki wa kawaida, Rwanda waliipiga marufuku toka 2008 na mpakani wanakagua. Vitafunwa beba mwenyewe, ndani ya njia hakuna anayeuza kitu.

Msimu. Juni mpaka Agosti ni pakavu zaidi, njia haitelezi sana na darajani unaweza kuona mbali, basi wale wenzangu wa nyota mbili nendeni huo wakati. Lakini bei za malazi zinapanda na makundi yanakuwa makubwa, mnatembea kwa foleni. Sisi njia nzima ya Isumo tulikuwa watu watano na muongozaji wetu, na sehemu kubwa tulikuwa tunasikia matone na pumzi zetu basi.

Wazee na watoto? Daraja mtoto mdogo ataulizwa umri, piga simu kwanza. Mama yangu ana miaka sitini na kitu, anapanda milima ya Lushoto kwenda shamba, ningempeleka njia ya maporomoko bila wasiwasi ila nisingempeleka darajani, si kwa sababu ya miguu, kwa sababu ya maneno ningeyasikia mpaka tunafika nyumbani.

Bahasha ya shukrani kwa muongozaji si lazima, hakuna aliyeniomba, ila mpeni. Na mkijaza kile kitabu cha maoni pale mapokezi andikeni kwamba mnataka waongozaji wa Kiswahili zaidi, mimi nimeandika, tukiwa wengi watasikia.

La mwisho kwa wanaorudi Kigali kwa basi, usisimame barabarani Uwinka ukategemea bahati, mabasi yanatoka Rusizi yakiwa yamejaa na yanapita bila kupunguza mwendo. Kata tiketi ya kurudi mapema na uwaambie unapandia Uwinka, ama la nenda kwanza Kamembe, mji wenyewe wa Rusizi, ukaanzie stendi, ni nyuma kidogo ila unapata siti, na chagua ya mbele kama una tumbo la binamu yangu.